Kimoja mbio, kimoja taratibu

Jamani, treni ya SGR imeniharibia starehe! Zamani ukipanda basi Dar kuja Dodoma, ukifika Kibaigwa Willy Gamba keshawamaliza maadui wote. Tangu Julai 2024 reli mpya ilipoanza kutufikisha huku, saa nne haziishi umeshafika. Juzi nimeteremka stesheni na "Kufa na Kupona" ya Elvis Musiba mkononi, nusu bado. Nikaimalizia nyumbani usiku uleule, ugali ukapoa. Kitabu cha 1974 hicho, na bado kinamnyima mtu usingizi. Si mchezo!

Sasa sikieni cha pili. Nimeazima kwa mwalimu mmoja mstaafu "Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika", kilichotoka 1954. Mwandishi ni Mathias Mnyampala, Mgogo mwenzetu aliyezaliwa 1917, yuleyule aliyezivumisha ngonjera tulizokariri shuleni. Jalada limechakaa, na mwenyewe anakitaka mwisho wa mwezi.

Nakiri, mara mbili nilikianza nikasinzia. Majina ya koo yalikuwa yananipita kama mabasi ya Singida. Mtoto wa mjini, Kigogo changu kinaishia kwenye "mbukwa"!

Jumapili nikakibeba hadi Mvumi kwa babu. Macho yake hayaoni maandishi tena, basi nikamsomea. Bwana wee! Kila aya ananikatisha: "Ngoja hapo mjukuu wangu, sisi kwetu haikuwa hivyo." Kisha anaeleza alivyosikia yeye kwa baba yake. Saa mbili nzima, kurasa tatu tu. Lakini sasa ukoo wangu naujua, na ulikotoka naujua.

Nikamuuliza, "Babu, mbona hukuwahi kunisimulia haya?"

Akacheka. "Uliwahi kuniuliza?"

Nikaishiwa maneno.

Mwalimu nimemwomba aniongeze mwezi, kakubali kwa shingo upande. Kila Jumapili nipo Mvumi na daftari, anachosahihisha babu nakiandika. Cha Musiba nilikikimbiza hadi mwisho. Hiki wala sina haraka nacho, ila babu umri umekwenda, na hilo ndilo linalonipandisha gari hata jua likiwa kali.

Na wewe msomaji, kitabu gani ulikianza ukakisukumia chini ya kitanda? Kitoe, kipanguse vumbi, kamsomee mtu mzima wa nyumbani kwenu. Akikukatisha, usinune. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.