Manowari Bila Vipuri ni Pambo la Bandarini

Kila hali inapochafuka katika Ghuba, habari ya kwanza tunayoisikia ni kuwa manowari ya kubeba ndege imeelekezwa huko. Picha zake huonyeshwa, idadi ya ndege zake hutajwa, na tunakumbushwa kuwa inakwenda kwa nguvu ya nyuklia, hivyo inaweza kukaa miaka mingi bila kutiwa fueli mpya. Sisi tunadhani kuna swali moja ambalo haliulizwi: kikivunjika kitu, kipuri kitatoka wapi?

Swali hili si la mzaha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 2000, manowari mpya ya Ufaransa, Charles de Gaulle, ilikuwa katika majaribio kwenye Bahari ya Atlantiki ikielekea Norfolk, Marekani. Vinu vyake viwili vya nyuklia havikuwa na taabu. Kilichovunjika ni rafadha, yaani propela inayoisukuma meli. Chombo kile cha tani zaidi ya 40,000 kikalazimika kugeuza na kurudi Toulon.

Msomaji atasema, si wangefunga ya akiba? Za akiba zilikuwapo, ila uchunguzi ulionyesha kuwa nazo zina vipovu ndani ya madini, kasoro ile ile ya iliyovunjika. Na muda si mrefu baada ya uchunguzi kuagizwa, moto ukateketeza nyaraka za kiwanda kilichozitengeneza. Mwisho zikafungwa rafadha kuukuu za Clemenceau na Foch, manowari za kizazi kilichopita. Meli ikarudi baharini Machi 2001, lakini kasi yake ikashuka kutoka maili 27 za baharini kwa saa hadi 25 hivi. Rafadha mpya ilizipata katika matengenezo makubwa ya 2007 na 2008.

Sisi tunaona mafunzo matatu hapa.

Kwanza, kipuri kilichotoka mikono ile ile na chenye ubovu ule ule si akiba, ni ubovu uliowekwa ghalani.

Pili, mwenye chombo kimoja hana pa kukimbilia. Marekani ilijenga manowari 10 za aina ya Nimitz, na kinachokosekana kwenye moja chaweza kung'olewa kwenye nyingine iliyofungwa gatini. Ufaransa inayo moja tu, ikiingia matengenezoni imekwisha. Hata mitambo inayorushia ndege zake ni ya Kimarekani, na manowari mpya aliyoitangaza Rais Macron Desemba 2020 imepangiwa kutumia mitambo ya Marekani vile vile. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tatu, na hili ndilo linalotugusa sisi tulioikimbia nchi yetu kwa ajili ya kalamu: Wafaransa waliambiwa. Magazeti yao yaliandika na kukejeli, waziri wa ulinzi akaagiza uchunguzi, na aibu ile haikuizamisha Ufaransa. Tulikotoka sisi, ukiuliza bei ya tairi la lori la jeshi unajibiwa kuwa hiyo ni siri ya dola. Ndege inapokewa kwa ngoma na hotuba, baada ya miaka michache imeegeshwa pembeni mwa uwanja na nyasi zimeizunguka, na mlipa kodi haruhusiwi kujua kama mkataba ulikuwa na vipuri au la. Walioulizia mambo hayo wengine wako magerezani, na wengine tuko huku ugenini.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Vita haisubiri kipuri kifike, na askari aliyepewa chombo kibovu ndiye atakayelipa kwa roho yake, si yule aliyetia saini.

Basi siku serikali yako itakapojivunia silaha mpya, ndugu msomaji, uliza mambo mawili tu: vipuri vyake viko wapi, na nani ameruhusiwa kwenda kuvikagua?