DAKTARI WA VICHANGA APEWE WATU WAKE

Wapo wengi miongoni mwetu wanaodhani kuwa daktari mkuu wa watoto wachanga ni mtu wa kukaa ofisini akingoja mtoto aletwe, amtie dawa, mtoto apone. Sisi nasi tulidhani hivyo, mpaka mwezi uliopita tulipokwenda kumpa pole mwanachama mwenzetu aliyefiwa na mtoto wa siku nne katika hospitali ya mkoa mmoja ambao hatuutaji. Kutoka matangani tulikwenda moja kwa moja hospitalini, na maneno makali tumekwisha kuyapanga njiani. Tuliondoka huko na hasira ile ile, ila tumeigeuza upande mwingine, na ndiyo maana twaandika.

Daktari tulimkuta wodini. Ni mama wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alituacha tukasema yote. Kisha akajibu: “Wanangu, mmesema kweli, mtoto yule hakustahili kufa. Sasa njooni niwaonyeshe alivyokufa.”

Mtoto alizaliwa kabla ya miezi kutimia, uzito wake kilo 1 na gramu 300. Mapafu ya mtoto njiti wa namna hii mara nyingi huwa hayajapata ute wa kutosha wa kuzuia vifuko vya hewa visigandamane. Kwa hiyo kila pumzi huwa ni kazi mpya, kama mtu anayelazimishwa kupuliza puto lililogandamana, alipulize, linywee, aanze tena, mchana na usiku. Asipopata msaada huchoka, akaacha. Jambo hili halikujulikana vema mpaka mwaka 1959, Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walipoonyesha huko Marekani kwamba mapafu ya watoto waliokufa kwa taabu hii yalikosa ute huo.

Na kujua ugonjwa si kuuponya. Mwezi wa Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alizaliwa mtoto wa kiume, Patrick, wiki tano na nusu kabla ya wakati wake. Alikuwa na uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo, mkubwa kuliko mtoto wa mwenzetu. Hakukosa hospitali wala daktari wala fedha, lakini alikufa baada ya saa 39. Mwaka ule ule wa 1963 ndipo chuo cha kufundishia madaktari kilipofunguliwa Dar es Salaam, na sisi wakati huo madaktari wetu walikuwa wachache mno. Twayasema haya ili msomaji apime urefu wa njia iliyopitwa. Leo mtoto kama yule wa Kennedy hutazamiwa kuishi, na anayemtunza aweza kuwa binti wa mkulima aliyesoma miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa mazoezi, miaka mitatu ya ubingwa wa watoto, kisha akaongeza tena masomo ya vichanga. Fedha nyingi za wananchi zimo katika kichwa kile.

Basi chombo chenyewe kilichomshinda Kennedy, maana wakati ule kilikuwa hakijavumbuliwa, tulikiona kwa macho yetu. Hakitishi. Hewa yenye oksijeni hupita katika mrija hadi vijirija viwili vilivyotiwa puani mwa mtoto, na ncha ya pili ya mrija hutumbukizwa ndani ya chupa ya maji. Kina cha maji, kama sentimeta 5 au 6, ndicho kipimo cha nguvu ya hewa inayoyashikilia mapafu yasinywee. Maji yakitoa mapovu, hewa inafika. Oksijeni yenyewe nayo hupimwa: ikipungua mtoto hufa, ikizidi huweza kuharibu macho ya njiti. Daktari alitwambia kwamba mtu mwenye akili ya kawaida aweza kufundishwa kazi hii, lakini haifundishiki kwa siku moja.

Usiku wa tatu vijirija vilichomoka puani. Chupa ikaacha kutoa mapovu. Muuguzi wa zamu alikuwa na siku sita tu tangu aletwe kutoka kliniki ya macho, naye alikuwa peke yake na watoto 22. Aliona chupa imetulia, akadhani ni heri, akaenda kwa mtoto aliyekuwa akilia. Alfajiri mtoto wa mwenzetu alikuwa amekwisha kuchoka.

Hatukumlaumu muuguzi yule, na msomaji asimlaumu. Tuliuliza walikuwa wapi waliokuwa wakijua. Tukaambiwa walikuwapo wanne, daktari aliwafundisha karibu miaka miwili, akawakesha, akawasahihisha, hata wakawa wanajua hali ya mtoto kwa kumtazama mbavu. Kisha ikatoka amri ya mzunguko wa wauguzi, na watatu wakaondolewa kwa mwezi mmoja bila yeye kuulizwa. Mmoja alipelekwa kugawa dawa kwa wagonjwa wa nje, mmoja wodi ya wanaume, mmoja wilaya nyingine. “Kazi yangu mimi,” alisema mama yule, “haionekani nikiwa hapa. Huonekana saa nane za usiku, nikiwa nimelala nyumbani.”

Maneno hayo tumeyatafakari sana, kwa sababu sisi tulisomea ualimu. Mwalimu mkuu apimwa kwa madarasa ambayo yeye hayumo. Hali kadhalika twafahamu kwamba mtoto hafundishwi kusoma Jumatatu akatazamiwa kusoma Jumanne. Hurudia, hurudia tena. Na jambo hili limekwisha kuthibitishwa hapa hapa nchini. Katika hospitali ya Haydom wakunga walifundishwa kwa siku moja namna ya kumvutisha pumzi mtoto anayezaliwa bila kupumua, na ilionekana kwamba darasa la siku moja peke yake halikubadili kazi ya chumba cha uzazi. Walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, kwa mwanasesere, vifo vya siku ya kwanza vilishuka kutoka watoto 11 hivi hadi 7 hivi katika kila 1,000. Mkunga ni yule yule na mfuko wa kupulizia ni ule ule. Sasa twauliza, mazoezi hayo yana faida gani ikiwa mwenye kuzoea aondolewa?

Wapo watakaotujibu kwamba nchi imefanya mengi, nasi hatukatai. Kwa uchunguzi wa taifa wa mwaka 2010, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 81 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa uchunguzi wa mwaka 2022 hesabu hiyo ilikuwa 43. Hiyo ni kazi ya chanjo, vyandarua na dawa za malaria, na kila mwananchi ana haki ya kujivuna. Lakini tazama wale wanaokufa kabla ya siku 28. Walikuwa 26, wakawa 24. Yaani katika miaka 12 tumeokoa wawili tu, na sasa zaidi ya nusu ya vifo vya watoto wadogo ni vifo vya vichanga. Lengo tulilokubali pamoja na mataifa ni 12 au chini ya hapo ifikapo 2030. Kichanga haokolewi kwa chandarua. Huokolewa na mtu anayejua, aliye macho, karibu na kitanda.

Tumesikia pia hoja ya wakubwa wa mzunguko. Wasema kila muuguzi apate ujuzi wa kila idara, tena kazi ya vichanga yachosha, si haki mtu mmoja abebe mzigo huo daima. Hoja ya pili ina kweli ndani yake. Tuliwaona wauguzi wale wakila wamesimama. Lakini dawa ya uchovu ni kuongeza watu na kutoa mapumziko na posho ya usiku. Na hoja ya kwanza ingekuwa na maana kama rubani naye angezungushwa akaendeshe treni ili apate ujuzi.

Hatuombi majumba. Hata mashine hatuzitangulizi, kwa maana pembeni mwa wodi ile tuliona mbili za kutamia watoto, zawadi ya wafadhili, zimefunikwa shuka kwa kukosa kifaa kidogo. Mwenye mali kubwa kuliko zote wodini ni mama mwenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi tano na Tanzania ikiwamo, ulionyesha kwamba njiti wakiwekwa kifuani mwa mama mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie, vifo hupungua kwa robo. Kwa hiyo wodi iwe na kitanda cha mama karibu na mtoto. Siku ile tuliyokwenda akina mama walikuwa wameketi koridoni, wakiitwa kila baada ya saa tatu kukamua maziwa.

Tunayotaka ni machache. Muuguzi aliyefundishwa kazi ya vichanga asihamishwe ila kwa hiari yake au baada ya daktari wa wodi kukubali na mwingine kuwa tayari. Zamu ya usiku isiwe na mtu mmoja. Akina mama waingizwe ndani. Barua yenye mambo hayo, na sahihi 214 za wanachama wa matawi yetu, tuliipeleka wiki iliyopita kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, na nakala kwa mwenzetu aliyefiwa, ambaye alitaka kuisoma kabla haijaondoka na akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake. Jibu likija tutalichapa katika ukurasa huu.