Herufi nene za mikono yetu zisipotee

Tukipita Kasuku na Mikelenge, ao tukivuka mto mpaka Alunguli, tunasoma muji kwenye kuta zake. Saluni, farmasi, mahali pa kutengeneza pikipiki: kila mlango una herufi zake nene, zingine zimelala upande, zingine zina kivuli chekundu. Hakuna A mbili zinazofanana. Tena kuna maandishi makubwa kuliko yote: «Parcelle à ne pas vendre», ni kusema kiwanja hiki hakiuzwi. Mjane anayeandikisha maneno hayo hatafuti uzuri. Anataka tapeli ayasome toka barabarani. Herufi nyembamba haiwezi kazi hiyo.

Sasa mabashi ya plastiki yaliyochapwa kwa mashini yanachukua nafasi ya pinso. Wanatuambia: bashi ni ya haraka, inabeba picha, inaonekana ya kisasa. Ni kweli. Lakini hapa kwetu mashini inangoja umeme, inangoja na wino unaotoka mbali. Jua na mvua ya Maniema zikiipiga bashi, inapasuka, hakuna wa kuitengeneza. Rangi ya ukuta ikififia, mpakaji anarudi na pinso yake, asubuhi moja kazi imeisha. Na franka ulizomlipa zinabaki Kindu.

Cha kushangaza, wenzetu wa mbali wanatafuta kwa bidii herufi zinazoonekana kama kazi ya mkono. Mwaka 1923, Mjerumani Rudolf Koch alichonga herufi zinazoitwa Neuland moja kwa moja kwenye chuma, bila kuzichora kwanza. Ndiyo maana ni nene na hazilingani sawasawa. Leo herufi hizo na zile za kufanana nazo zinawekwa juu ya vitabu na mabango kila watu wakitaka kusema «Afrika». Kumbe Afrika hiyo imetoka Ujerumani! Ile ya kweli iko kwenye mlango wa kinyozi wetu, na wenyewe tunaidharau.

Chéri Samba, anayejulikana leo duniani kote, alianza kwa kupaka mabango Kinshasa, akafungua atelye yake mwaka 1975. Hatusemi kila mpakaji wa Kindu atakuwa Samba. Tunasema kijana asiyepewa ukuta hatajulikana ana nini mkononi.

Basi tunaomba mambo matatu. Shule na vituo vya afya viwape wapakaji wa hapa kazi ya plake zao. Wapakaji nao wakubali kusahihishwa, juu kosa la maandishi kwenye mlango wa farmasi linaweza kumpoteza mgonjwa. Na sisi wazazi tuache kusema kazi ya pinso ni ya walioshindwa masomo. Siku mtu atakapotaka kuuza kiwanja chako bila wewe kujua, hautakimbilia mashini. Utamtafuta mwenye pinso, na utamtaka leo leo.