Kiwanja cha Mapumziko Chaamuliwa na Nani?

Ndugu wafanya kazi, twanung'unika kwamba bustani na viwanja vya mpira mjini vyaamuliwa bila sisi. Lakini Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 yawapa wakazi haki ya kukutana barazani na kuipelekea bodi ya manispaa, Kitui au Wote, mapendekezo yao. Ni shauri, si amri. Hata hivyo lisiloandikwa halisomwi.

Taabu yetu ni siku. Baraza likiitwa Jumanne asubuhi, sisi tuko zamu stesheni. Wenye maduka hufika, nao husikizwa (hatuwalaumu, wao walikwenda).

Twaomba mabaraza yawe Jumapili alasiri. Na kila tawi, toka Emali hata Mtito Andei, limtume mtu mmoja, naye alete habari hapa.