TAKA ZETU, FEDHA ZETU: KIJANA, INGIA MKUTANO WA MTAA

Kijana wa Manzese, wa Tandale, wa Vingunguti, wa Buguruni, wa Mbagala, leo tunazungumza na wewe, na tunaomba usigeuze ukurasa kwa sababu tu umeona neno taka. Ukurasa wa michezo uko palepale nyuma, hauendi popote. Taka za Dar es Salaam ni siasa, tena siasa nzito. Ndani yake mna fedha inayochukuliwa mlangoni kwa mama yako, mna zabuni, mna ajira, mna kipindupindu, na mna mafuriko yanayobeba godoro lako kila mtaro unapoziba. Walaji wanalijua hilo siku nyingi. Ni sisi walalahoi tuliofundishwa kwamba taka ni uchafu tu, na kwamba kazi yetu ni kufagia pale tunapoambiwa fagieni.

Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa na nchi nzima ikaambiwa ishike fagio. Rais mwenyewe, hayati John Magufuli, alionekana akizoa taka eneo la feri. Baadaye ukaja utaratibu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hatubezi. Kufagia ni jambo jema na kila mtu mwenye akili hufagia kwake. Lakini tuliwaona wakubwa wa ngazi za chini walioiga tendo lile: mafagio mapya yenye karatasi ya dukani, glovu nyeupe, mpiga picha mbele, na nusu saa baadaye magari yenye viyoyozi yanaondoka. Lundo likabaki pembeni ya barabara likisubiri lori. Lori lisipofika, mvua ikalirudisha lundo mtaroni. Hicho ndicho wanachokiita kushirikisha wananchi. Mwananchi anashirikishwa mgongo na mikono. Kichwa chake kinaachwa nyumbani.

Sasa tukukumbushe historia ambayo pengine hukusimuliwa, maana haimo kwenye hotuba zao.

Miaka ya 1980 taka za Jiji zilikuwa zikimwagwa Tabata, katikati ya makazi ya watu. Moshi usiku na mchana, inzi, harufu, watoto wakikohoa. Wakazi walilalamika kwa viongozi mpaka wakachoka. Mwaka 1988 wakafanya jambo ambalo zama zile za chama kimoja watu wengi hawakulithubutu: wakaishitaki Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu. Na wakashinda! Mahakama ikaiamuru Halmashauri iache kumwaga taka pale na itafute mahali pengine pasipohatarisha afya za watu. Unadhani Jiji lilitii? Likarudi mahakamani kuomba muda. Hadi mwaka 1991 bado lilikuwa linaomba kuongezewa muda wa kuendelea kuwachafulia watu hewa. Ndipo Jaji Lugakingira alipokataa. Alisema hajapata kusikia popote mamlaka ya umma ikienda mahakamani bila haya kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Akaifungua Katiba, akaenda kwenye Ibara ya 14, haki ya kuishi, akaonyesha kwamba moshi wa dampo nao unaigusa haki hiyo.

Tunataka uone ukubwa wa jambo hili. Hawakuwa na chama cha upinzani, maana vyama vingi viliruhusiwa rasmi mwaka 1992. Haki za binadamu zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kudaiwa mahakamani, mwaka huohuo wa 1988. Hawakuwa na mfadhili wa kuwalipa posho ya kikao. Walikuwa wapangaji na wenye nyumba wa kawaida waliokaa, wakachanga, wakaandika, wakasaini. Mwananchi anashiriki kwa namna hiyo pia, na hakuna afisa maendeleo ya jamii aliyewafundisha.

Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Nako palikuwa na watu, na eneo lilikwishapangwa kuwa la makazi. Safari hii zaidi ya wakazi 700 wakajiorodhesha katika shauri moja la mwaka 1991, na nao wakashinda. Malori yakageuza tena, yakaelekea Vingunguti, kwenye ukingo wa bonde la Mto Msimbazi. Vingunguti ilipofungwa mwaka 2001 yakaenda Mtoni, Temeke. Baada ya Mtoni ikawa Pugu Kinyamwezi, zaidi ya kilomita 25 kutoka katikati ya mji.

Hapa ndipo tunapotaka usome polepole. Tabata walishinda, Mtongani walishinda, na taka zilifanya nini? Zilihama tu. Zilipita kwa wenye uwezo wa kwenda mahakamani zikatua kwa wasio na uwezo huo. Mto Msimbazi ukabeba maji ya dampo kuelekea kwa wenzetu walio chini. Kila mtaa ulipigania pua yake, na wakubwa wakapata nafuu, kwa sababu hawakulazimika kujibu swali lenyewe: kwa nini jiji zima halina njia ya maana ya kushughulikia taka isipokuwa kutafuta shimo jingine kwa maskini mwingine? Mwanasiasa hapendi kitu kama anavyopenda mitaa isiyozungumza. Mtu wa Pugu akilalamikia moshi, wa Sinza anamwona msumbufu. Lakini taka zile ni za Sinza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jiji lilikuwa limelemewa kabisa, likizoa chini ya asilimia 10 ya taka zote. Mwaka 1994 kazi ya katikati ya mji ikapewa kampuni binafsi. Mwaka 1996 Serikali ikaivunja Halmashauri yenyewe na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Hadi mwishoni mwa muongo ule uzoaji ukagawanywa kata kwa kata, na baadhi ya kata zikapewa vikundi vya wakazi. Lilikuwa wazo zuri: vijana na akina mama wa palepale wanaosukuma mikokoteni kwenye vichochoro ambamo lori haliwezi kupita, wanalipwa na nyumba wanazozihudumia. Kwa nini basi leo vichochoro vingi bado vina malundo? Kwa sababu wazo lilipofika mezani kwa wenye mhuri, likageuka ulaji kama mawazo mengine. Mahali pengi mkazi hajui mkandarasi wa mtaa wake alipatikana vipi, mkataba wake unakwisha lini, anatakiwa kupita mara ngapi kwa wiki, na asipopita anatozwa nini. Anachojua ni kwamba asipolipa ada atatishwa. Risiti anapewa akiidai, na akiidai sana anaambiwa ana siasa.

Nasi tunasema ndiyo, ana siasa! Kuuliza fedha yako imekwenda wapi ni siasa safi.

Na kwenye taka hizohizo angalia nani anafanya kazi ya kweli. Ni vijana wenzako wenye magunia wanaookota chupa za plastiki na vyuma chakavu alfajiri, wakauza kwa kilo kwa bei anayoipanga mnunuzi. Hawana kofia, hawana glovu, hawana mkataba, na mgambo wanawaita vibaka. Jiji lingewalipa wangapi kufanya kazi hiyo? Wanaifanya bure, na shukrani yao ni virungu.

Tunajua utatujibu nini. Utasema mkutano wa mtaa wa nini, wakati mwenyekiti alipatikana kama tulivyoona? Ni kweli. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu, vyama vikajitoa, na chama tawala kikajitwalia zaidi ya asilimia 99 ya viti. Novemba 2024 kikatangaziwa tena karibu asilimia 99. Mtu anayeyaita hayo uchaguzi ana moyo mgumu. Gazeti hili halitaacha kulisema hilo. Lakini wewe kijana usichanganye mambo mawili. Kiti cha mwenyekiti wamekichukua. Mkutano mkuu wa mtaa hawajauchukua, kwa sababu mkutano ule ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenye kadi ya chama na asiye nayo. Balozi wa nyumba kumi ni mtu wa chama, na hana mamlaka ya kukuzuia mlangoni. Ibara ya 146 ya Katiba inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kuidai haki hiyo mahakamani. Waliotunga maneno hayo pengine hawakudhani utayasoma.

Na tuseme jambo moja ambalo baadhi ya wenzetu chamani halitawafurahisha. Kuanzia mwaka 2016 kambi ya upinzani ilikuwa na meya wa Jiji la Dar es Salaam. Malundo ya uswahilini hayakuyeyuka kwa sababu ya rangi ya bendera yake. Meya hana macho elfu ya kuona kila kichochoro, na hata diwani mwaminifu halindi mkataba usiojulikana na watu wake. Anayekuahidi kwamba siku chama chetu kitakapoingia utalala tu na mtaro utajizibua, anakupiga changa la macho kama wale wengine.

Kwamba jambo hili linawezekana hatukisii. Kata ya Bonyokwa hapahapa jijini, ushirika wa wakusanya taka, ukisaidiwa na taasisi ya Nipe Fagio, umekuwa ukipita nyumba hadi nyumba na taka zikitenganishwa tangu jikoni. Mabaki ya chakula yanageuzwa mboji, chupa na vyuma vinauzwa, na kinachobaki kupelekwa dampo ni kidogo. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni maganda ya ndizi, mabaki ya ugali, majani ya mchicha, vitu vinavyooza. Tunavipakia kwenye lori linalokunywa dizeli mpaka Pugu, wakati mkulima wa mboga wa bonde la jirani ananunua mbolea ya mfukoni. Nani anafaidi? Mwenye lori, bila shaka.

Utasema kikundi kinahitaji mtaji. Mtaji umo kwenye sheria. Tangu mwaka 2018 kila halmashauri inawajibika kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa baada ya ukaguzi kufichua mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi visivyojulikana vilipo, kisha ikarudishwa mwaka 2024. Vikundi hewa vilikopeshwa, na kikundi chako chenye guta mbili na jasho kikaambiwa karatasi hazijakamilika. Hewa ina karatasi kamili! Hapo napo wa kulaumiwa si wakubwa peke yao, maana orodha ya waombaji inaanzia kwenye mtaa, na kikao kinachoipitisha kina viti vitupu. Wewe ulikuwa kijiweni ukibishana usajili wa Simba na Yanga.

Basi mkutano wa mtaa ujao nenda, na usiende peke yako. Nendeni kijiwe kizima, mkae mbele, na msianze na matusi, maana matusi ndiyo kisingizio wanachokisubiri ili wavunje kikao. Mtake mkataba wa mzoa taka usomwe kwa sauti, makusanyo ya ada ya miezi mitatu yatajwe kwa tarakimu, na orodha ya vikundi vilivyoombewa mkopo ibandikwe ukutani jina kwa jina, pamoja na mahali kila kikundi kinapofanyia kazi. Mwiteni mwokota chupa wa mtaa wenu naye aseme anachokiona saa kumi na moja alfajiri, wakati lori linapita tupu. Tumeni mtu kwa wenzenu wa mtaa wa chini, kule mtaro wenu unakomwaga. Na mtendaji akijibu kwamba mkataba hauko hapa, uko manispaa, msiondoke. Chagueni watu watatu papo hapo, majina yao yaandikwe kwenye muhtasari, na mtendaji atie saini kwamba Jumatatu saa tatu atakuwa nao huko.