Staa Kampakia Mama Basi Kutoka Bukoba Mpaka Dar, Kwani Kosa Liko Wapi?

Wadau, ubuyu wa wiki hii mjini ni mmoja tu. Kuna staa wetu wa kike, jina kapuni, kaamua kumhamisha mama yake mzazi kutoka Bukoba aje aishi naye hapa Dar. Badala ya kumkatia tiketi ya ndege, kapanda naye basi. Kaposti kipande kifupi tu wakiwa stendi Singida: mama kajifunga kanga kichwani, miguu kaiweka juu ya kiroba, mkononi ana paja la kuku wa kienyeji anakula bila wasiwasi na dunia. Basi, hakuna kingine.

Kulipokucha, komenti zilikuwa kama mvua ya masika. "Gari la mamilioni la kupigia picha unalo, aliyekuzaa unamrundika kwenye basi!" Mwingine: "Hii kiki, hakuna cha mama wala nini." Halafu ile iliyopata kopa nyingi kuliko zote: "Mwenzako fulani alimpandisha mama yake ndege, jifunze."

Haya, tuanze na huyo mwenzake fulani, maana naye jina tunaliweka kapuni. Zile picha za uwanja wa ndege wote tuliziona. Maua, miwani meusi, mama kashikwa mikono kulia na kushoto kama waziri. Ambacho hakikupostiwa ni kwamba miezi michache baadaye yule mama alirudi kijijini kwake, kimya kimya, na watu wa mtaa ule wanasema alirudi kwa basi. Sebuleni kulikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kuongea naye. Kwa hiyo tusipeane somo kwa picha za dakika moja.

Sasa turudi Bukoba. Hawa wanaoandika "kwa nini sio ndege" nina wasiwasi hawajawahi kukaa na mtu wa kule hata siku mbili. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria ilitumbukia ziwani ikiwa inakaribia kutua Bukoba, watu 19 wakafa, na wavuvi ndio walikuwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Watu walikuwa wamesimama ufukweni wanaona bawa na mkia. Unamwambia mama aliyeiona ile kwa macho yake apande ndege ili komenti zako zitulie? Utasema basi apande meli. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu, na mpaka leo kule Kagera ni vigumu kupata ukoo usio na jina la mtu wao aliyebaki majini. Kwa mama mtu mzima wa Bukoba, ziwa lina msiba wake na anga lina msiba wake. Barabara nayo inaua, nakubali, ila angalau barabarani anaona anakoenda.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakifikirii. Kuhama sio kusafiri. Ukienda Zanzibar wikiendi begi moja linatosha. Mama anayehama ana kinu, ana mikeka, ana maharage ya msimu huu, ana mikungu ya ndizi ambayo ukimwambia hata Mabibo ndizi zipo anakuangalia kama umemtukana. Ana na mfuko wa senene, na hapo usimguse. Hebu niambie ni ndege gani ya ndani inabeba nyumba nzima.

Mi naongea hivi kwa sababu njia ile naijua. Mwaka jana nilimleta mama yangu kutoka Muleba, ana miaka 68, ana presha na sukari juu. Ni zaidi ya kilometa 1,300 mpaka Dar. Muleba, Biharamulo, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Igunga, unapanda mlima Sekenke, Singida, Manyoni, Dodoma, Gairo, Morogoro. Watoto wa siku hizi mnaona lami mnadhani ilikuwepo tangu uumbaji. Miaka ya tisini, barabara ya kati ilikuwa mbovu kiasi kwamba mabasi ya Bukoba kuja Dar yalizungukia Kampala, yakapita Nairobi, yakaingilia Arusha. Mtanzania anatoka Tanzania kwenda Tanzania akiwa na hati ya kusafiria mkononi! Mama aliisimulia hiyo huku anacheka peke yake, akaniambia kile kibali chake bado anacho kwenye sanduku.

Lakini stori ambayo sitaisahau aliitoa tukiwa katikati ya Igunga na Singida, pale mbuga inapokuwa tambarare na hakuna cha kuangalia. Mama alizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, upande wa juu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia, alikuwa binti wa miaka 21. Alimshika bibi mkono wakatembea kwa miguu kuelekea Kyaka, wakavuka daraja, siku chache baadaye likalipuliwa. Bibi alibeba kuku mmoja na godoro la nyasi. Godoro wakalitupa njiani, kuku wakamla siku ya tatu. Mama akasema, "Na mimi nilimhamisha mama yangu. Sema sisi hatukuwa na tiketi." Halafu akanyamaza mpaka Sekenke.

Mi nimeishi na huyu mama maisha yangu yote, sikuwahi kusikia neno la hiyo stori. Nyumbani kuna jiko, kuna wageni, kuna simu yangu. Kwenye basi kuna dirisha na yeye. Sijui staa wetu aliambiwa nini kati ya Bukoba na Singida, ila nina uhakika hakikuwa kitu cha kuposti.

Ila sasa msije mkadhani namtetea kwa kila kitu. Kuna mambo ya kumuuliza yule dada, tena ya msingi kuliko ndege.

La kwanza, mwili wa mama. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, hii safari imekuwa ya kunyoosha moja kwa moja. Zamani mlilazimika kulala njiani, tukalalamika, lakini wazee walikuwa wananyoosha miguu. Siku hizi mzee anakaa kwenye siti usiku na mchana, miguu inavimba mpaka viatu haviingii. Na jamani, tuseme ukweli kuhusu kuchimba dawa. Konda anapiga kelele "dakika tano, wa kuchimba dawa wachimbe dawa!", basi limesimama porini, vijana wanarukia kushoto na kulia, na mama mwenye sukari na vidonge vya presha vinavyomkojoza anatakiwa ainame nyuma ya kichaka huku abiria 50 wanachungulia dirishani. Mama yangu aliacha kunywa maji kuanzia Kahama ili asichimbe dawa. Nilipogundua nilikasirika, sio kwake, kwa huu utaratibu ambao wote tunauchekea. Mgonjwa wa sukari anaacha maji safari nzima kwa aibu, halafu anafika tunashangaa amezidiwa.

Sisi tulikata safari vipande. Tulitoka alfajiri, tukalala Singida, asubuhi tukachukua basi la Dodoma, pale tukapanda SGR mpaka Dar. Treni ina choo, mtu anasimama, anatembea. Mizigo mikubwa ilitangulia kwa basi kama kifurushi, ndugu akaipokea Mbezi stendi ya Magufuli. Pesa ikaongezeka kidogo, siwafichi. Ila kama una mzazi wa makamo hayo, naomba fikiria hivyo kabla hujafikiria kamera. Siti ya mbele karibu na mlango, dawa kwenye mkoba wake na sio kwenye buti la basi, na safari ya mchana. Usiku hata hiyo Sekenke haionekani.

La pili ndilo zito. Hivi mama aliulizwa? Maana kwa watu wa kule, nyumba sio kuta. Kuna kibanja. Migomba, kahawa katikati, na makaburi ya waliotangulia hapohapo nyuma ya nyumba. Mume wake amelala pale. Ukimtoa mama kwenye kibanja, unamtoa kwenye kazi, kwenye ukoo, na kwa marehemu kwa mkupuo. Siku mbili kabla hatujaondoka, mama alizunguka shambani na mpwa wangu akimwonyesha mgomba upi wa kuegeshea nguzo, upi ulishawahi kupata mnyauko, na kwamba panga lazima lipitishwe kwenye moto kabla ya kwenda mgomba mwingine. Alimwambia mara tatu tatu. Mi nilikuwa nafunga viroba na kuangalia saa.

Na msisahau kwamba mama mjane akiondoka, kuna watu wanaanza kupima mipaka kwa macho. Ardhi ya ukoo kule ina maneno, hasa ikishikwa na mwanamke. Mwaka 1990 Mahakama Kuu Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilibidi iamue kesi ya mama mmoja wa Kagera aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, mtoto wa ndugu yake akampeleka mahakamani kwamba mwanamke hana haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema anayo, sawa na mwanaume. Hukumu ipo. Lakini hukumu haikai shambani kulinda migomba, na mashemeji wengine hawajaisoma mpaka leo. Kwa hiyo yule dada, badala ya kuulizwa mbona basi, aulizwe kibanja kaachiwa nani, na makubaliano yameandikwa au ni ya mdomo tu. Kama ni ya mdomo, mwaka ujao tutaletewa ubuyu mwingine, na huo hautakuwa wa kuchekesha.

Wengine mtasema haya ni mambo yao ya familia. Sawa. Ila paja la kuku mlilijadili siku nne, naona na hili mnaliweza.

Kwetu tulikubaliana hivi: mama hakuhama moja kwa moja. Nyumba ya Muleba ina kitanda chake, shuka zake, na ufunguo anao yeye kwenye pindo la kitenge, mi sina hata nakala. Mpwa anakaa pale kwa karatasi iliyosainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na shemeji wawili wenye kelele kuliko wote. Kliniki Dar anahudhuria, sukari imeshuka, majirani anawajua kwa majina kuliko mimi niliyekaa mtaa huu miaka sita. Mwezi wa sita anarudi kuangalia kahawa. Kashasema anataka siti ya mbele, na anataka tupite Sekenke mchana.