'Fedha Hizo' ni Fedha Zipi?

Mwalimu anayefundisha vivumishi viashiria huulizwa na wanafunzi, aghalabu katika kipindi cha mwisho kabla ya chakula, mambo haya yana faida gani. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa jibu lenye thamani ya dola milioni 46.62.

Mnunuzi wa meli hulipa kwa awamu kabla chombo hakijakamilika. Mjenzi akifilisika, fedha hizo huweza kupotea; ndiyo maana mnunuzi hudai benki itoe dhamana ya kumrejeshea. Mwaka 2007 kampuni sita, miongoni mwazo Rainy Sky, ziliagiza meli sita kwa Jinse ya Korea Kusini, kila moja kwa dola milioni 33.3. Benki ya Kookmin ikatoa dhamana chini ya sheria ya Uingereza. Jinse ilipozidiwa na madeni na kuingia katika utaratibu wa kuyarekebisha mwaka 2009, wanunuzi wakadai chao. Benki ikakataa.

Aya ya pili ya dhamana ilitaja hali za kurejeshewa malipo: mnunuzi kuikataa meli, mkataba kuvunjwa, ama meli kuangamia kabisa. Kufilisika kwa mjenzi hakukutajwa humo, ijapokuwa mkataba wa ujenzi wenyewe ulikutaja. Kisha katika aya ya tatu benki iliahidi kulipa, kwa tafsiri yangu, "fedha hizo zote". Zipi hizo? Benki ilishikilia kuwa ni zile za aya ya pili tu. Wanunuzi walisema ni malipo ya awamu yaliyotajwa mwanzoni mwa aya ya tatu, na kwamba sababu ya kudai haikuwekewa mpaka.

Jaji wa Mahakama Kuu aliwapa haki wanunuzi. Mahakama ya Rufani, majaji wawili dhidi ya mmoja, ikaipa benki. Mahakama ya Juu ikawarudishia wanunuzi kwa kauli moja. Jaji Clarke alieleza kuwa maneno yakibeba maana mbili, mahakama yaweza kuchagua ile inayoafiki busara ya biashara. Na siku ya mjenzi kufilisika ndiyo siku hasa mnunuzi anapoihitaji dhamana!

Mimi naiafiki hukumu hiyo. Sarufi peke yake isingetosha: hata 'hizo' yetu, pamoja na -o yake ya urejeleo, humjulisha msikilizaji kwamba jambo limekwisha kutajwa, wala haimwonyeshi lilitajwa wapi. Hata hivyo, wale majaji wawili wa Rufani hawakukosa hoja. Walichelea mahakama kuwaandikia watu mapatano ambayo hawakuyaandika. Hofu hiyo haikufa. Mwaka 2015, katika kesi ya Arnold dhidi ya Britton, Mahakama ya Juu iyo hiyo ilionya kuwa busara ya biashara isitumiwe kuyadunisha maneno waliyoyachagua wahusika.

Laiti mwandishi wa dhamana ile angalirudia tu "malipo ya awamu", miaka ya kesi ingaliepukwa. Nami kwa miaka mingi nimewakata alama wanafunzi wanaorudia nomino pale kiashiria kinapotosha. Siku hizi huuliza kwanza kama ni insha au ni mkataba.